Siku Tuliyomsikia Baba Hoza Akipanda Shume

Mwanangu, kuna alasiri moja ya Shume ambayo hunirudia kila ukungu ukishuka, hata niwe katikati ya kabichi zangu na jembe mkononi. Imenirudia tena Jumapili hii baada ya ibada, mlipoegesha pikipiki zenu nje ya uzio wangu mkibishana juu ya ile pikipiki kubwa ya zamani ambayo kiwanda kimeitoa upya kwa umbo jingine. Mimi nilikuwa ndani nachagua mbegu za viazi, lakini masikio hayana mlango. Mmoja wenu akasema walioibuni mara ya kwanza wangeliona tangi lile jipya wangelia. Wewe ukajibu kwamba wao wenyewe, wangekuwa hai, ndio wangekuwa wa kwanza kulibadilisha. Mkapandishiana sauti, kisha ukawasha ukaondoka bila kumuaga mwenzako ambaye mmekua pamoja. Ndipo nikaacha viazi, nikasema, huyu nitamwita.

Kaa basi. Chai iko hapo.

Usinione magoti yamekaza, nami nilikuwa mtu wa pikipiki. Tulikuwa kundi la vijana wa Lushoto, Soni na huku juu, na kila Jumapili tulikutana mjini kutazamana vyombo na kubishana. Wengi wetu tulikuwa na vipikipiki vya kubebea mboga. Pikipiki ya kweli ilikuwa moja tu, ya Mzee Zakaria wa Shume, ambaye sote tulimwita Baba Hoza. Aliachiwa na mzungu mmoja mfanyabiashara wa mbao aliyerudi kwao. Ilikuwa ndefu, nzito, kiti kimekaa chini, usukani umetanuka kama pembe, nasi tukaiita Nyati. Na mlio wake, mwanangu! Ulikuwa na pengo. Duh, kimya kidogo, duh-duh. Kama mtu mzito anayechechemea. Wilaya nzima haukuwapo mwingine kama huo. Mkewe, Mama Hoza, alikuwa akiusikia kutoka kona ya misonobari anatia maji ya kuoga jikoni, na mzee akifika yanakuwa yamepata moto.

Baba Hoza alikufa kwa kifua, kitandani kwake, akazikwa na kanisa. Nyati ikafunikwa turubai. Aliacha mjane na wana wawili, Hoza na Danieli, rafiki zangu wote wawili. Walikuwa wakila sahani moja, wakivaliana mashati.

Kisha likaja gazeti la picha kutoka Dar. Ndani yake ilikuwamo Nyati mpya: kiwanda kimekinyanyua kiti, kimeukunja usukani, kimeyafupisha mabomba ya moshi na kuutuliza mlio. Kundi letu likapasuka katikati siku hiyo hiyo. Wako waliosema imependeza, sasa mtu ataweza kuipinda kwenye kona zetu. Wako waliosema hiyo si Nyati tena, ni mbuzi. Yangekuwa maneno ya kijiweni tu kama Hoza asingesema, "Ya baba nitaibadilisha iwe hivi." Na kama Danieli asingesimama akasema, "Ukiigusa, sina kaka."

Kuanzia hapo hawakubishana kwa vinywa vyao. Walibishana kwa kinywa cha marehemu. Danieli akisema, "Baba asingekubali msumeno uguse chuma chake." Hoza akisema, "Baba aliniambia mimi, kabla hajalala, kwamba inamtesa mgongo na ataibadilisha." Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila Jumapili baba alikuwa na neno jipya, na kila neno lilikuwa kali kuliko la juma lililopita. Nasi tuliowazunguka tulilipokea na kulikuza, huyu akisema "mzee alikuwa hivi," yule akisema "mzee alikuwa vile." Wahenga walituonya, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Tulidhani ni methali ya mambo mengine.

Siku yenyewe Hoza alitangaza kwamba anakwenda kuikata. Tukapanda Shume wote, wa upande huu na wa upande ule. Tukamwamkia Mama Hoza, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba wanangu," bila kututazama, akarudi jikoni. Nyati ikasukumwa uani. Turubai likaondolewa. Tangi likafunguliwa na kuwekwa juu ya gunia, na mabomba ya moshi yakawekwa kando, makavu, yenye utando wa buibui ndani. Betri ilikwisha kutolewa zamani. Haya nakueleza ili ujue kwamba chombo kile kilikuwa mbele ya macho yetu, na kisingeweza kuwaka.

Ukungu ulianza kushuka kutoka msituni ilhali jua halijatua. Unaujua ukungu wetu, lakini ule ulikuja bila upepo. Ulimeza misonobari, ukameza banda la ng'ombe, tukabaki sisi na ile Nyati kama watu walio kisimani. Hoza alikuwa ameshika msumeno wa chuma. Danieli akamshika mkono.

"Baba anakuona," akasema Danieli.

"Na aone! Ndiye aliyenituma!"

Hapo ndipo tulipousikia.

Ulitoka chini, upande wa barabara ya mjini. Duh, kimya kidogo, duh-duh. Mwanzo kila mtu alijifanya hajasikia. Ukapanda. Ukafika kwenye mwinuko wa mawe, ukashusha gia pale pale alipokuwa akishusha mzee. Ukafika kona ya misonobari, ukapungua, ukaikunja kona taratibu. Mimi nilimtazama Nyati. Alikuwa uani, hana tangi, hana mabomba, ametulia kama mfupa. Na mlio wake ulikuwa unakuja barabarani.

Ukafika mpaka langoni. Ukazimwa.

 Mbwa mzee wa nyumba ile, aliyekuwa hanyanyuki hata kwa mgeni, akainuka. Hakubweka. Alitikisa mkia, akaenda mbiombio mpaka langoni kama anavyokwenda mbwa kumlaki mwenyewe, akaingia ndani ya ukungu, akatupotea machoni.  Mmoja wetu alianza Baba Yetu, akaikosea katikati.

Mama Hoza akatoka jikoni anapangusa mikono kwenye kanga. Nyuma yake, jikoni, nikaona sufuria la maji mekoni linatoa mvuke. Sijui alilibandika saa ngapi. Akatutazama mmoja mmoja, kisha wanawe.

"Mmekuwa mkimwita tangu Pasaka," akasema. "Asubuhi baba, jioni baba. Mlidhani hataitika?"

 Akatupita, akaenda langoni peke yake.  Tulimsikia akizungumza Kishambaa, kwa sauti ya chini, sauti ambayo kwayo mke humwambia mumewe habari za siku nzima: ng'ombe amezaa, mbaazi zimekubali, paa linavuja kule kule. Halafu akanyamaza, kama mtu anayesikiliza. Sisi hatukusikia kitu. Mwishowe akasema kwa nguvu, "Basi nenda, Baba Hoza. Usisimamishwe na hawa. Wamekua. Watasema wenyewe."

Tulingoja tusikie pikipiki ikiwashwa. Haikuwashwa.

Aliporudi, mbwa alikuwa nyuma yake, mkia chini. Uso wa mama ulikuwa umelowa, kwa ukungu au kwa machozi, sikuuliza. Akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni.

"Kuanzia sasa," akasema, "anayetaka jambo katika nyumba hii aseme, mimi nataka. Asiseme, baba anataka. Baba amemaliza kutaka. Hoza, wewe unataka nini?"

Hoza, mwanamume mwenye kifua kama mlango, alikaa chini ardhini na msumeno wake.  "Mimi nataka ibadilike," akasema, "kwa sababu nikiiona ilivyo, namwona amekaa juu yake anakohoa. Siwezi, mama. Siwezi kuipita pale bandani."

"Danieli?"

"Mimi naogopa nitausahau mlio wake," akasema Danieli. "Uso wake umeshaanza kunipotea."

Kumbe ndivyo. Ugomvi wa miezi, mwanangu, na hakuna aliyekuwa ameyasema hayo. Mficha uchi hazai. Hoza alimtazama mdogo wake kama ndiyo kwanza anamwona tangu mazishi. Hawakukumbatiana, watu wa huku hatuna hayo. Alimsogezea gunia akae.

Nyati haikukatwa siku ile. Baadaye waliibadilisha usukani na kiti, wawili, Danieli ndiye aliyeshika spana, na mabomba wakayarudisha yale yale ya zamani. Walipoiwasha pengo halikuwapo. Iliunguruma mfululizo, kama pikipiki yoyote nzuri. Fundi hata mmoja hakuweza kutueleza kwa nini. Mama alichungulia dirishani akasema, "Hiyo sasa ni yenu," akafunga dirisha.

Lakini alasiri ile ile ya ukungu, tulipokuwa tukiteremka kwenda mjini, polepole, taa zimewaka, mama mmoja muuza pea alitusimamisha kando ya barabara. Alikuwa amekasirika. "Mwambieni mwenzenu aliyewatangulia," akasema, "ataua watu. Ameshuka hapa ndani ya ukungu bila taa, mashine kaizima, anaserereka tu kimya. Hata salamu hakuitikia." Tukamwambia tutamwambia. Hatukutazamana mpaka Magamba.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kubishana juu ya pikipiki. Sema tangi jipya ni zuri, sema ni baya, hiyo ni raha ya ujana. Lakini ukibishana, bishana kwa kinywa chako. Usimkodi marehemu akupiganie, awe baba yako, awe fundi wa mbali ambaye hukuwahi kumwona, kwa kuwa hawezi kukukatalia na mwenzako hawezi kumjibu. Na ukiona ugomvi wa chuma umekuwa mkubwa kuliko chuma chenyewe, ujue chini yake kuna kidonda. Kitafute kabla hujatafuta neno la kushinda. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, maana watapatana. Lakini walisema hivyo kwa ndugu walio hai, wanaosikiana. Nenda kwa mwenzako leo, kabla mvua haijaanza. Mwambie unachotaka, umuulize anachokiogopa.

Mwenyezi Mungu akushike mkono kwenye kila kona usiyoiona mbele. Akupe rafiki wa kukungoja juu ya mlima, na nyumba yenye moto jikoni. Wazee wako waliolala wapumzike, nawe uishi maisha yako mwenyewe mpaka mvi zikupendeze. Amina, mwanangu. Maliza chai, uende.