Meno ya Mzee Elkana Kwenye Mkuyu

Lynnet alimwachia mama yake darubini, akamwambia atafute cha kutazama zaidi ya kaburi la baba. Roseline alitii. Kwa miezi minne alimfahamu ndege mmoja tu, fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Dume na jike walikuwa wakijenga kwenye mkuyu nyuma ya jikoni, rundo kubwa la vijiti na matope ambalo mtu mzima angesimama juu yake lisivunjike. Alikuwa amesoma kwamba ndege hao hujengea vitu vyovyote wanavyookota, akaona awasaidie. Kila asubuhi aliweka kitu juu ya jiwe la kufulia: kitambaa, kijiko cha plastiki, soksi ya marehemu. Kikichukuliwa, aliandika daftarini. Siku nyingi hilo ndilo pekee lililomtoa kitandani.

Alhamisi aliandika: "Kitu cheupe na waridi. Mfupa wa samaki? Sikukiweka mimi."

Ijumaa jirani yake, Mzee Elkana, alifika ameziba mdomo kwa leso. Alikuwa ameyaosha meno yake ya bandia, ya juu yote, akayaacha kwenye jiwe la kisimani yakauke, na fundichuma akayabeba. Kesho yake yeye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo kwenye mazungumzo ya posa kule Kisegi. Mkuyu ukatwe leo, alisema.

Roseline hakusema ni nani aliyewafundisha ndege wale kuokota vitu juu ya mawe.

Nyuma ya mzee alisimama Magige na msumeno wa petroli. Vijana wa hapo kijijini, Kosele, walikuwa wameikataa kazi hiyo, maana abomoaye nyumba ya fundichuma huugua. Magige alitoka Migori, na kwa maelezo yake mikosi ya Homa Bay haivuki mpaka wa kaunti. Hata hivyo alipanda kwanza kuchungulia. Alishuka taratibu.

"Iko makinda tatu," alisema. "Na meno imekandikwa juu ya mlango, na matope. Ukivuta, mlango yote inakuja. Mzee, hiyo nyumba inanicheka."

"Kata," alisema Elkana.

Hapo Roseline akaikumbuka nusu ya pili ya mwiko, aliyoambiwa na mama mkwe wake: nyumba hiyo ikianguka na kitu chako, nawe unaanguka. Aliisema kwa upole, akiyatazama magoti ya mzee.

"Hiyo ni ya nywele zilizookotwa na ndege," Elkana alijibu. "Si ya plastiki."

"Nywele ukishanyoa ni takataka, mzee. Lakini hayo umekula nayo miaka tisa. Umeomba nayo."

Elkana aliomba darubini, akaishika upande usiofaa, Roseline akamgeuzia. Alitazama kwa muda mrefu sana, kama mtu anayejiona kwenye picha ya zamani. Kisha akauliza tawi lile lina umri gani, na kama linaweza kustahimili upepo wa ziwani.

Saa kumi Magige, aliyeletwa kukata, alikuwa juu ya ngazi akilikaza tawi kwa nguzo mbili zilizong'olewa kwenye zizi la Elkana mwenyewe. Mzee alishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Gonga polepole," alisema kwa kitembe. "Watoto wamelala."