Wachumba Watano wa Mfaranyaki

Baba yangu mdogo ndiye aliyetangulia kusema kwamba sitaweza. Alisema barazani kwake, mbele ya wageni, nami nimesimama na begi la safari ambalo sijalifungua. "Wenzako wanarudi kutoka Japani na magari," alisema. "Wewe umerudi na gemu za wasichana." Mwenye nyumba niliyekwenda kupanga chumba kwake, mtaa wa Mfaranyaki, alisema wasichana wa Songea wana maji ya kuchota, muda wa gemu watautoa wapi. Jirani yangu wa banda la gemu za mpira alicheka mpaka akatafuta kiti. Akaniambia nitafunga kabla mvua hazijaanza.

Nawataja kwa sababu wote bado wapo, na wote wanajua kusoma.

Niliondoka Songea na nauli ya basi tu. Japani nimeosha magari kwenye yadi ya bandarini, vidole vikipasuka kwa baridi, na jioni nikasoma lugha yao hadi nikapata diploma. Sisemi cheti cha kuhudhuria, nasema diploma. Huko ndiko nilikoziona gemu wanazoziita otome. Ni hadithi ndefu za picha na maneno, zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake. Hazina mpira wala bunduki. Mchezaji ni msichana, na mbele yake wapo wanaume kadhaa, kila mmoja na tabia yake na siri yake. Kila baada ya mazungumzo hadithi inasimama na kumpa majibu matatu achague moja. Jibu lake humsogeza mwanaume karibu au humfukuza. Nimewaona wanawake wazima, waliotoka kazini na suti zao, wakicheza ndani ya treni huku wanafuta machozi. Nikajiambia, Songea nako kuna wanawake, na sijaona mtu aliyewaletea mchezo wao.

Akiba yangu iliishia kwenye mashine, runinga kubwa na tiketi ya ndege. Vilivyobaki nilikopa. Seremala alinitengenezea mabenchi nimlipe baadaye. Baba mdogo alinikopesha kidogo, nadhani ili aendelee kuwa na la kusema. Fedha kubwa ya kodi na jenereta niliipata kwenye kikoba cha akina mama wa jumuiya anayosali mama yangu, na dhamana ilikuwa kiwanja cha mama kule Ruhuwiko, pamoja na nyumba anayolala. Mama aliweka dole gumba kwenye karatasi bila kuniuliza swali. Ningeshindwa, mama angehamia kwa baba mdogo, na kila asubuhi angesikia habari zangu.

Gemu zilikuwa kwa Kijapani, kwa hiyo nilifanya kama wanavyofanya wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video. Nilikaa kando ya runinga na maikrofoni, nikatoa sauti zote: msichana, daktari, askari, mfanyabiashara wa hariri, mpiga filimbi na mtoto wa mfalme. Hakuna mtafsiri mjini kwetu anayetoa maneno moja kwa moja kutoka kwenye lugha yenyewe. Yupo mmoja tu, na huyo ni mimi. Wasusi walikuja, wauza duka walikuja, wanafunzi wa chuo walikuja. Waliketi kwenye mabenchi, mmoja akishika rimoti, wengine wakimshauri.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Kila aliyeshika rimoti, hadithi yake iliishia pabaya. Msichana wa kwenye gemu alibaki peke yake akifagia duka la dawa, theluji ikianguka nje. Leo hivyo, kesho hivyo. Msusi mmoja, ambaye hakukosa hata siku moja, alinirushia rimoti mapajani.

"Kaka, gemu lako lina mkosi. Sote tunaachika."

"Mnachagua wenyewe," nikamwambia.

"Tunachagua vizuri. Mwanaume anamwambia anampenda, binti anakaa kimya, anaangalia chini. Unataka ajibu nini, mbele za watu?"

Mabenchi yakaanza kuwa wazi. Jirani wa gemu za mpira akaja kuniuliza kama mabenchi nayauza.

Wakati huohuo maneno yakafika kanisani. Kwamba mtoto wa fulani amerudi na chumba cha giza, anafundisha mabinti kuwa na wanaume watano kwa mpigo. Mama alitoka kwenye jumuiya Jumamosi moja hajasalimiana na mtu. Alivua kanga ya begani, akaikunja, akaikunja tena. "Mwenyekiti wa kikoba anakuja kwako kesho baada ya misa," alisema. "Akiona ni kweli, wanataka fedha yao yote mara moja."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Au kiwanja."

Sikuwa nayo hata nusu.

Mwenyekiti alikuja na wanawake wawili wa kikoba, wamevaa vitenge vya sare. Ni mama mnene, mwenye sauti ya chini, ameozesha mabinti wake wote na wa ndugu zake pia. Chumbani walikuwepo msusi na wenzake watatu, nao walinyanyuka wote.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hao wanaume watano wako wapi?"

Mmoja wa wenzake akaziba mdomo kwa kitenge. Nikawasha mashine. Ningeweza kuchagua sehemu ya kumfurahisha, maua na filimbi. Lakini nilijua kwamba akitoka bila kuelewa mchezo wenyewe, atakwenda kusimulia alichokuja nacho. Nikafungua pale ambapo wote walikuwa wanashindwa: mfanyabiashara wa hariri amesimama dukani, anamwambia msichana kesho anaondoka kwenda mji mkuu, je, watafuatana? Majibu yalikuwa matatu, na kwenye kona ya skrini mshumaa uliwaka. Ukiisha kabla hujachagua, gemu linahesabu kwamba umenyamaza.

Msusi alishika rimoti. Akachagua kunyamaza. Mfanyabiashara akainamisha kichwa, akatoka, mlango ukafungwa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Anakwenda wapi?"

"Amekwenda zake, mama. Kwao ukinyamaza umekataa."

"Binti aliyelelewa akinyamaza amekubali. Hata huyo mfanyabiashara angejua, kama angetuma mtu. Mshenga wake yuko wapi?"

"Hana."

"Amekuja mwenyewe? Dukani? Anamwuliza mtoto wa watu amfuate, bila barua, bila mtu wa kumsindikiza?" Aliwatazama wenzake. "Na shangazi wa binti yuko wapi?"

Nilifikiri ndiyo basi, nikaanza kuona nyumba ya mama ikifungwa kufuli. Ndipo lilipokuja wazo ambalo ndilo limenifikisha hapa, na sitaki mtu mwingine adai ni lake. Yeye alitoa neno tu.

"Shangazi ni wewe, mama," nikasema. "Keti hapa. Binti hasemi. Mjibie wewe."

Nikarudisha hadithi nyuma. Mfanyabiashara akaingia tena, mshumaa ukawaka tena. Nikayasoma majibu kwa sauti: nitakwenda nawe; sitakwenda; kisha lile la kunyamaza. Mwenyekiti hakusogea. Mshumaa ukafika nusu.

"Hakuna la kumwuliza kwao ni wapi?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna la kumwambia arudi na wazee?"

"Ni hayo tu."

"Shangazi, muda," akanong'ona msusi.

Mshumaa ulibaki kama ukucha. Mwenyekiti akamgusa msusi begani. "Mkatalie. Mwenye nia atarudi. Asiye na nia, aende na hariri yake."

Msusi akabonyeza. Mimi nilikuwa nimeshalipitia gemu lile lote kule Japani, najua yule mfanyabiashara ni tapeli, mabinti anaowapeleka mji mkuu anawauza kwenye madanguro. Sikusema. Nilitafsiri tu ilivyokuja: tabasamu lake lilivyoganda, alivyomkamata binti mkono, na daktari alivyoingia kutoka nyuma ya duka.

"Mnaona?" mwenyekiti aliwaambia wenzake, kwa sauti ileile ya chini. "Mnaona vidole vyake?" Kisha akaniambia, "Endelea. Huyo daktari ni mtoto wa nani?"

Waliondoka jua likizama. Mlangoni alinipa masharti: mwanafunzi mwenye sare asiingie, dirisha liwe wazi, na binti asicheze bila mwanamke mtu mzima kukaa kiti cha shangazi. Fedha nitaendelea kulipa kama tulivyoandikiana, lakini nikichelewa mara moja tu, hatakuja kucheza, atakuja kuchukua kiwanja.

Sikuchelewa. Kiti cha shangazi nilikiweka mbele, chenye mto. Mabinti walikuja na mashangazi, mashangazi wakaja na majirani zao, na Alhamisi watu walisimama dirishani. Wanabishana juu ya mpiga filimbi kana kwamba ameleta posa Ruhuwiko. Nasikia hata Mbinga mtu amejaribu kufungua chumba cha kwake, lakini hana Kijapani.

Siku ya kumaliza madeni nilivaa suti. Asubuhi nilimlipa seremala, akashangaa, akasema alikuwa ameshaanza kunisahau. Nikapita kwa baba mdogo, nikamkabidhi chake mbele ya wageni wake, nikasubiri aseme neno. Alisema, "Haya, kaa unywe chai." Nilikunywa taratibu. Mchana nikaenda kwenye kikao cha kikoba, nikaweka fedha ya mwisho kwenye mkeka. Mweka hazina akaihesabu kwa sauti, mwenyekiti akainuka, akampa mama karatasi ya kiwanja mkononi. Mama aliitazama upande huu na upande ule, akaifunga kwenye pindo la kanga, akauliza kama kikao kimekwisha, kwa sababu aliacha maharage jikoni.