Alama Yangu ya Rangi ya Kucha

Nianze na sufuria zangu, maana bila sufuria hamtanielewa. Kwetu Mbozi msiba ukitokea, wanawake tunabeba vyombo majumbani na kuvipeleka jikoni kwa wafiwa: sufuria, sahani, vikombe, hadi miiko. Wakati wa kurudi havirudi vyote, na vinavyorudi vingine si vyako. Kwa hiyo kila mwanamke mwenye akili zake anaweka alama. Mimi natumia rangi ya kucha, nyekundu, nukta moja kwenye kitako cha chombo na nyingine kwenye mkono wake. Nimewahi kuingia kwa mtu akiwa na wageni, nikainua bakuli mezani, nikaiona nukta yangu chini, nikaondoka na bakuli langu na mchuzi wao ndani. Sina dogo mimi.

Na hiyo tabia nilihama nayo mpaka Tunduma. Nina duka la steshenari pembeni ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kuingia Zambia. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na msimu wa mitihani nawachapia walimu maswali yao. Kazi yote hiyo inafanywa na kompyuta moja ndogo ya mezani, ambayo boksi lake halizidi boksi la viatu vya mtoto. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa sababu mpya ni za watu wenye ofisi zenye zulia.

Ilikuwa nzima, ila nzito kuelewa. Unaiwasha, unafagia duka, unamwagia maji vumbi la mlangoni, unarudi, bado inazungusha kile kiduara. Wateja wangu walikaa kwenye benchi wanakitazama kiduara kama wanatazama mpira. Siku moja dereva wa lori, aliyelala kwenye foleni siku mbili, akaniambia, "Mama, hata foleni ya mpakani inasogea kuliko hii." Nilimfukuza dukani. Lakini alisema kweli, na ndiyo maana nilimfukuza.

Basi kila mtu akawa mtaalamu. Mwalimu mkuu mmoja wa kule Ruanda ya kwetu Mbozi, ninayemchapia mitihani, akasema ninunue mpya, akasema kwa wepesi wa mtu anayetumia mfuko wa mwenzake. Jirani yangu muuza vitenge akasema mashine imechoka kwa sababu nimeijaza picha za harusi za watu. Nilifuta harusi nne nzima, na kiduara kikazidi kuzunguka.

Ndipo nikaenda kwa fundi. Huyu fundi alikuwa na meza chini ya mwavuli, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la pembejeo. Mtu mzima wa makamo, Mnamwanga, mpole mpaka anakera. Alianza na redio, akahamia kwenye simu, akafika kwenye kompyuta. Hakuwa na mlango wala kufuli, wala hakuwahi kumwandikia mtu risiti. Watu walimwachia simu zao na mashine zao wakaenda kulima Momba wiki nzima, wakarudi wakazikuta. Mtaji wake ulikuwa ni huo tu, kwamba hakuna aliyewahi kusema kitu chake kimepotea pale.

Akaichungulia mashine yangu, akaniambia, "Dada, hii haijazeeka. Imebanwa tu. RAM ndiyo meza yake ya kufanyia kazi, na wewe umeipa stuli. Tuiongezee. Halafu hiyo diski inayozunguka tuitoe, tuweke SSD, diski isiyozunguka. Itaamka." Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi vipimo vya kununua, akasisitiza nikanunue mwenyewe dukani, nisije kusema kaniongezea bei. Nikanunua, nikapewa na karatasi ya garantii yenye namba za vifaa. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye busara zake.

Kisha nikapita kwa muuza vitenge kumwonyesha. Aka! Laiti ningepita njia nyingine. Akavishika vile vifaa, akavigeuzageuza, akashusha sauti. "Shoga yangu, mafundi wanachomoa. Unapeleka mashine ina RAM kubwa, unarudishiwa ina RAM ya mtoto, na wewe utajuaje? Tena unaona haya meno ya njano? Hii ni dhahabu hii. Wanakwangua, wanapeleka Mkwajuni kuuza."

Sasa mkoa huu ukitaja dhahabu, akili za watu zinaruka. Kila ukoo una mtu aliyekwenda Mkwajuni kuchimba, akarudi na pikipiki au akarudi na bandeji. Nilikitazama kile kipande cha RAM, kidogo kama biskuti, na yale meno yake yamejipanga pembeni yakimeremeta, nikaona kabisa fundi anayakwangua moja moja huku ameng'ata ulimi. Nikaenda nyumbani nikachukua chupa yangu ya rangi ya kucha.

Nilifikiri sana mahali pa kuweka alama, msidhani nilikurupuka. SSD niliiwekea nukta tumboni, basi. Lakini RAM nilisema, mwizi anataka dhahabu, kwa hiyo alama ikae kwenye dhahabu yenyewe. Nikapaka meno matano, nikapuliza mpaka yakakauka, nikairudisha kwenye nailoni yake. Nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa Mkoa wa Songwe. Nilitamani nimwambie mtu.

Kesho yake asubuhi nikabeba mashine mpaka kwenye mwavuli. Nikamkabidhi fundi vifaa vikiwa kwenye nailoni zake, nikavuta kiti nikakaa mbele yake, macho yote mikononi mwake. Akafungua skrubu moja, akavuta mfuniko, akapuliza vumbi la miaka. Hapo simu ikaita. Mwalimu mkuu yuko dukani kwangu, kafuata mitihani yake, gari la kumrudisha linaondoka. Nikavuka barabara mbio, nikafungua kabati, nikamhesabia makaratasi yake, akaanza kulalamika kwamba swali la tano limekosa picha ya ng'ombe, tukabishana kuhusu ng'ombe saa mbili nzima, mpaka gari likamwacha.

Niliporudi, mashine ilikuwa imeshafungwa, na fundi anatabasamu. "Iwashe, dada." Nikaiwasha. Jamani! Ilifunguka hata sijakaa vizuri. Hakuna kiduara, hakuna kungoja. Mtu mwenye shukrani angesema ahsante. Mimi nikasema, "Fungua boksi."

"Nifungue nini tena?"

"Fungua nione vitu vyangu."

Akafungua. SSD ilikuwa na nukta yake tumboni. Akaichomoa RAM akanipa mkononi, nikayatazama meno. Yalikuwa njano tupu, safi, hayana hata tone la rangi. Damu ikanipanda kichwani. SSD kaiacha kwa sababu haina dhahabu, nikasema moyoni, na yenye dhahabu kabadilisha. Kila kitu kilinyooka.

"RAM yangu iko wapi?" nikauliza, na siyo kwa sauti ya kuuliza.

"Ndiyo hiyo, dada. Ilikataa kuwaka mwanzoni. Nikaitoa, nikakuta uchafu mwekundu umegandia kwenye meno, nikautoa kwa thina, nikamalizia na kifutio."

"Uchafu? Alama yangu unaiita uchafu? Wewe mwizi wewe!"

Nina mdomo, na Mungu alinipa na mapafu. Nilisimama katikati ya njia nikamtangaza yule mtu kama mnadani. Nilisema ananikwangulia dhahabu. Nilisema ana mtandao mpaka Mkwajuni. Watu wakajaa, wa bodaboda wakazima pikipiki ili wasikie vizuri, muuza vitenge akaacha duka wazi akaja kutikisa kichwa mstari wa mbele. Mama mmoja wa Kizambia, aliyekuwa amevuka kununua mchele, akanigusa bega akauliza, "Kabolala?" Nikamjibu kwa Kibemba changu cha kuokoteza, "Eya mukwai, kabolala!" Mwizi kwa lugha mbili.

Fundi alirudisha RAM mahali pake, akafunga skrubu, akanisogezea mashine. "RAM yako ndiyo hiyo, dada," akasema tena, na akasema kwa sauti ile ile ya kwanza. Sauti ile iliniudhi kuliko kama angenitukana. Hakudai hata hela ya ufundi wake.

Siku iliyofuata nikaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilibeba ushahidi wote: mashine, nailoni na karatasi ya garantii. Mwenyekiti ni mzee mtaratibu, aliwahi kuwa karani wa ghala la kahawa, hakubali neno bila karatasi. Akavaa miwani. Akaniambia nifungue boksi, nitoe hicho kitu, nimsomee namba iliyoandikwa mgongoni, na yeye atafuatisha kwenye garantii. Tukasomeana tarakimu moja moja kama watoto wa darasa la kwanza. Tulipofika mwisho akaiweka karatasi mezani.

"Ni ile ile," akasema.

Nikamwambia arudie. Tukarudia. Nikamwambia tubadilishane, asome yeye, nifuatishe mimi. Namba ilikuwa ile ile, na karatasi ilikuwa ile ile, na mimi nilikuwa naanza kutoka jasho. Mwenyekiti akaisogeza RAM dirishani kwenye mwanga, akaiinamisha. Katikati ya meno mawili kulikuwa na kauzi kembamba kekundu ambako kifutio hakikufika.

"Hii nini?"

"Rangi ya kucha, mzee."

"Ya nani?"

Nikaficha mikono, lakini alikuwa ameshazitazama kucha zangu. Akavua miwani, akaifuta taratibu, akasema, "Kwa hiyo, mama, mashine uliiziba mdomo wewe. Aliyeuzibua ndiye ukamwita mwizi." Akanikunjia karatasi yangu akanirudishia. Nilitamani anicheke, lakini hakucheka.

Nilipita njia ndefu kwenda kwenye mwavuli, nikipanga maneno. Meza ya fundi, ambayo siku zote ilikuwa imejaa simu na redio za watu mpaka hana pa kuweka kikombe cha chai, ilikuwa tupu. Bisibisi zake zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa kama za maonyesho. Nikiwa nimesimama hapo, akaja mama mmoja kuchukua simu yake. "Nipe tu hivyo hivyo, hata kama bado," akasema, na akafungua mfuniko wa nyuma pale pale, akakagua betri, akakagua laini, ndipo akaondoka. Fundi alimtazama tu.

Nikainama karibu na sikio lake. "Fundi, nisamehe. Nilikosea. Ile alama niliiweka kwenye meno mimi mwenyewe."

Hakuinua uso. "Jana ulisikika mpaka kule stendi," akasema. "Leo sauti imekauka?"

Alikuwa na haki. Nikatoka, nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama jana yake, nikavuta pumzi. "Jamani! Huyu fundi hakuiba! Mimi ndiye niliyekosea! RAM yangu ninayo!" Nilipaza sauti mpaka koo likawasha. Lori likanipigia honi nisogee. Wa bodaboda wawili wakageuza shingo, wakaona hakuna ugomvi, wakarudi kwenye simu zao. Binti aliyebeba ndizi kichwani akapunguza mwendo akaniuliza, "Mama, unauza nini?"

Sikukoma. Nilichapa tangazo kwa maandishi makubwa, kwa mashine ile ile ambayo sasa ilikuwa inaruka, nikalibandika mlangoni: FUNDI WA MWAVULI NI MTU MWAMINIFU. Watu wakalisoma. Wakaambiana kwamba lazima kuna jambo, hakuna anayebandika tangazo kama hilo bure. Muuza vitenge akanishika mkono akanong'ona, "Kakutisha, eh? Kwa mganga gani?" Nikamwambia anyamaze, aliyenifikisha hapo ni yeye na dhahabu yake. Akanuna wiki mbili. Zilikuwa wiki mbili nzuri.

Baada ya muda meza ilihama. Wengine walisema yuko Vwawa, wengine Mlowo, mimi nilikwenda kote kuwili na sikumwona. Mahali pake kuna mtu anauza miwani ya jua. Rangi ya kucha sijaitupa, misiba haiishi, lakini kila nikiifungua kupaka sahani namwona yule mtu na kifutio chake, anasugua taratibu, anaokoa kitu changu ambacho nimekiharibu mwenyewe.

Juzi juzi akaja mteja mgeni, mwanamke amehamia mtaani kwetu kutoka Ileje, anataka kuchapiwa barua. Nikaiwasha mashine, ikafunguka papo hapo, akashangaa. "Mama, kidogo hivi na kina mbio hivi! Nani alikutengenezea?"

Nikamwambia ni fundi aliyekuwa pale ng'ambo, chini ya mwavuli, fundi mzuri sana.

Akaweka mkono kifuani. "Weee! Yule? Mimi mgeni lakini habari zake nimezikuta. Mshukuru Mungu wewe hakukufanya kitu. Wanasema aliwahi kumwibia mama mmoja hapa hapa, mwenye steshenari."

"Mama huyo ni mimi," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Pole sana, mama."