Mashine Haikumjua Mama

Spidi alichukia kusoma alichokiandika kama mtu anavyochukia kunusa soksi zake. Na alikuwa na haki, maana kibanda chake cha uchapaji kilinuka hivyohivyo: kibodi inanata, makombo ya mkate yamejaa kati ya herufi, na kila karatasi ameigeuza kwa kidole kilicholambwa. Kinyaa kitupu!

"Mashine ikiona kosa inapiga mstari mwekundu," alijigamba. "Pasipo na wekundu, kazi imekwisha. Mwingine!"

Mama yao alipofariki, Spidi aliwang'ang'ania ndugu zake achape yeye kijitabu cha mazishi. Dada mkubwa akakunja pua. "Huyu? Hata mikono hanawi."

"Dada, ni mama yangu pia. Niachieni hili moja."

Wakamwachia. Naye akafanya kama wachapaji wote wa mtaa ule: akafungua kwenye mashine kijitabu cha marehemu mwingine, akafuta jina, akabandika la mama, akabadili picha na tarehe. Yaani maiti anavishwa nguo za maiti mwenzake, jasho na yote.

Mkewe alikuwa hapo akikunja karatasi. "Baba watoto, hebu nisomee kwa sauti, nisikie."

"Usikie nini? Hakuna wekundu hata mmoja. Safi kama sahani iliyolambwa na paka."

Hata sisi tulioishia darasa la tano tunajua sahani hiyo huoshwa tena.

Makaburini, dada akasimama kusoma, sauti ikipambana na kilio. "Marehemu alikuwa mcheshi, alipenda sana kucheza mpira, na hadi anafariki hakujaliwa mtoto..."

Akakwama. Watoto wote walikuwa wamejipanga mbele ya jeneza.

"Hakujaliwa?" mjomba akaropoka. "Sasa hawa tumewaokota?"

Kuna aliyecheka, akajifanya anakohoa.

Dada alimtazama Spidi kama anayetazama nzi ndani ya chai. "Ulikisoma?"

"Mashine haikuonyesha..."

"Nimekuuliza wewe."

Spidi akalamba kidole, akaanza kugeuza kurasa za nakala yake.

Dada akakiachia kijitabu kidondoke, akajifuta vidole kwa leso, akaanza kumsimulia mama kutoka kichwani. Alivyopenda kuimba akifua. Alivyowagombeza kwa majina yao yote. Kisha akawataja watoto aliowazaa mama, mmoja mmoja, huku kila anayetajwa akisogea kuligusa jeneza.

Alipofika kwa Spidi, aliyekwisha kunyanyua mguu asogee, dada akafunga mdomo na kuwaashiria wachimbaji washushe jeneza.