Nilivyojifanya Beki wa Yemen kwa Baba Mkwe

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na nilikosa nikiwa na akili timamu, nikinywa chai ya watu.

Mimi ni Mwislamu wa Nyeri mjini, naishi mtaa wa Skuta. Babu yangu alitoka Yemen, akaniachia pua na nywele, basi. Nauza njumu za mitumba sokoni, vile viatu vya kuchezea mpira. Mpira wenyewe sijawahi kuucheza hata shuleni.

Wanjiku, mchumba wangu, alinipeleka kwao Tetu. Baba yake ni mkulima wa chai na kocha wa timu ya kijiji. Akaniuliza, "Kijana, wewe unafanyanga kazi gani?"

Niliona haya kutaja mitumba. Nikamwambia mimi ni beki wa timu ya taifa ya Yemen. Kwetu kuna vita, ligi imesimama, nimekuja huku kuuguza goti.

Mzee akachinja kuku. Nami nikaingia kwenye simu, nikamtafuta beki wa kweli, nikamwibia maisha yake yote ya uwanjani. Nikaanzia Aden, nikahamia Iraq, nikajipa unahodha. Kila Jumapili nilimwongezea mzee mechi moja, naye akaniongezea nyama.

Halafu mzee akaalika timu ya Kianyaga. Akanipa jezi mbele ya kijiji kizima na kutangaza kwamba goti limepona.

Wanjiku akanivuta kando. "Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Waambie watu wakae karibu waone," nikamjibu, nikainama kufunga kamba za viatu.

Mshambuliaji wao alikuwa muuza maziwa mwenye kitambi. Alinipita mpaka nikamzoea. Nilipoupata mpira hatimaye, niliupiga kwa nguvu zangu zote, ukaingia kwenye goli letu.

Mzee hakupiga kelele. "Ati Yemen," alisema. "Hata ng'ombe yangu inajua kukaba kuliko wewe."

Nilimkimbilia Wanjiku nikimwomba anisikilize.

"Mimi nilijua tangu ile wiki ya kwanza," akasema. "Niliona picha ya huyo beki kwa simu yako. Nilikuwa nangoja tu wewe mwenyewe uniambie."

Akaondoka na baba yake. Simu zangu hapokei hadi leo, na roho inaniuma vibaya sana.

Lile goli watu wamenisamehe, tunalicheka pamoja. Lakini wewe unayejipamba kwa wakwe, siku anayekupenda atakapokuuliza kama una la kusema, liseme papo hapo. Mimi niliulizwa kwa upole kabisa, nikainama kufunga kamba za viatu.