Sakafu ya Upande wa Sagala

Tangu Bibi yetu Mwanamvita arudi kwa Mola wake, nyumba ya Voi imekuwa na nafasi nyingi kuliko tunavyojua kuzitumia. Kiti chake tumekiondoa sebuleni. Wanangu wameleta televisheni, na kwa muda sasa wanabishana ikae wapi. Mmoja anataka ukuta wa mbele, mwingine anasema jua la jioni litaipiga kioo. Mimi niliwasikiliza tu, nikainamia kazi yangu, maana katika sebule hiyo hiyo Bibi aliwahi kupitia jambo kama hili kabla mama yangu hajazaliwa. Alinisimulia mara nyingi. Naliandika nisije nikalisahau, na kila atakayelisoma namwomba amwombee rehema.

Bibi aliolewa Voi katika miaka ya ishirini, msichana aliyefiwa na mama yake akiwa bado hajui hata kusuka nywele. Mumewe, babu yangu Hashil, alikuwa na duka la vitambaa, tende na chai karibu na stesheni. Duka alilirithi kwa baba yake, Mzee Badawy, aliyekuja kutoka Mombasa akiifuata reli na akafa mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyaeleza. Mjane wa mzee, Bi Zaitun, ndiye aliyempokea Bibi mlangoni siku ya harusi, na ndiye aliyemfundisha kila kitu: kupika, kushona kofia, kukaa na wageni. Mimba ya kwanza ya Bibi iliharibika, na Bi Zaitun ndiye aliyemshika mkono mpaka yakapita. Sasa alikuwa na mimba ya pili, kubwa, na hofu yake aliificha. Alikuwa akiniambia, "Nilikuwa naona kwamba mavyaa wangu akiwa chumbani, mtoto atatoka salama. Asipokuwapo, sijui."

Wakati huo karani mmoja Mgoa wa reli alihamishiwa Kisumu, akamwachia Hashil gramafoni yake pamoja na sahani kadhaa, nyingi za nyimbo za Misri. Ilikuwa sanduku la mbao lenye ufunguo wa kuzungusha ubavuni na tarumbeta kubwa la bati juu yake, limefunguka kama ua la boga. Hashil aliipenda kama mtoto. Shida ilikuwa pa kuiweka.

Aliiweka kwanza juu ya meza karibu na mlango wa barabarani. Treni ya Mombasa ilipopita nyumba ilitetemeka, sindano ikateleza juu ya sahani, na mwimbaji akaruka beti nzima. Akaihamishia dirishani. Jua la Voi likaipinda sahani moja kama chapati iliyoachwa juu ya jiko. Akaiweka chini, lakini sakafu ya sebule ilikuwa ya udongo, nayo haikuwa sawa. Sanduku lilikaa upande, na asubuhi mchwa walikuwa wameanza kupanda mguu wake.

Palibaki mahali pamoja. Mbele ya sebule, upande wa kaskazini ambako ndiko kibla chetu, Mzee Badawy alikuwa ameweka kipande cha sakafu ya chokaa, kigumu na laini kama sahani ya kaure, apate kusali mahali safi. Tangu afe, Bi Zaitun alipafagia kila siku na hakuna kitu kilichowekwa pale isipokuwa msala wake uliokunjwa. Hashil aliusogeza msala kidogo, akaiweka gramafoni juu ya chokaa, kando ya ukuta. Treni ikapita. Sindano haikutikisika.

Bi Zaitun alikuwa ndani, nyuma ya pazia linalotenga sebule na vyumba vya wanawake. Aliisikia sauti ya mwanamume mgeni ikitokea pale alipozoea kumsikia mumewe akileta uradi. Chakula alipika, salamu alijibu. Bibi akadhani yamekwisha.

Jioni moja marafiki wa Hashil walikuwa wamekaa wakisikiliza, viti vyote vimeelekea lile tarumbeta, mpaka magharibi ikaingia. Walizoea kusali hapo hapo tangu siku za mzee, na Abdulghani, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyekuwa akiwasalisha. Wakaizima mashine, wakatandika mikeka, wakajipanga safu. Hapo ndipo walipoona kwamba hawakuwa na haja ya kugeuka. Tarumbeta lilikuwa mbele yao kabisa, kinywa wazi, likiwatazama.

Abdulghani aliinua mikono kutaka kutoa takbira, akaishusha. Mtu mmoja akashauri mashine ifunikwe. Hashil akachukua shuka akaifunika, na ilipofunikwa ikawa kama mtu aliyesimama mbele yao na kilemba.

"Sasa tumepata imamu mwingine," akasema mmoja wao kwa sauti ya chini.

Safu nzima ikacheka, hata wale waliokuwa wakijaribu kujizuia. Abdulghani hakucheka. Alikunja mkeka wake akaenda kusali barazani, na mmoja baada ya mwingine wakamfuata. Hashil alibaki peke yake sebuleni na mashine iliyovikwa shuka.

Nyuma ya pazia, Bibi naye alikuwa ameuma ncha ya kanga yake asisikike akicheka. Alipogeuka alimwona Bi Zaitun ameketi kitandani, anafunga bahasha yake, furushi la nguo.

"Ijumaa nakwenda Mombasa kwa binti yangu," Bi Zaitun akasema. "Nyumba hii imepata mwenyewe mwingine. Si vibaya. Vijana na mambo yao."

Bibi hakulala vizuri tena. Hashil, alipoambiwa, alisema ataiondoa mashine pale. Lakini alisema kwa unyonge wa mtu anayeondolewa kitu mdomoni, na Bibi alimjua mumewe. Angeiondoa leo, halafu angekaa mwaka mzima akimwangalia mama yake kama mdai. Tena Bi Zaitun mwenyewe asingekubali. Alikuwa amekwisha kusema, na neno lake halikuwa na njia ya kurudi. Ilikuwa lazima apatiwe sababu ya kubaki ambayo si kuombwa abaki.

Bibi alisema aliswali rakaa mbili, akamwomba Mungu ulimi mzuri. Kisha akaenda kukaa miguuni pa mavyaa wake.

"Mama, ile sakafu ya marehemu aliipiga nani?"

"Mimi na shangazi zake Hashil, walikuja toka Mombasa. Nani mwingine? Marehemu alileta chokaa kutoka pwani, basi. Siku zote alisimama mlangoni akituambia tunakosea."

"Mimi sijui kuipiga."

"Wa siku hizi hamjui."

"Basi nifundishe kabla hujaondoka. Tuipige nyingine upande wa pili, hapa karibu na pazia. Mashine ikae hapa, na mahali pa baba parudi kuwa pake."

Bi Zaitun alikuwa mtu mwerevu, na Bibi hakuwa na shaka kwamba aliielewa hila yote tangu neno la kwanza. Lakini kupiga sakafu ni kazi ya wanawake wa pwani, yeye aliipenda tangu usichana wake, na Voi nzima hakukuwa na mwingine aliyeijua.

"Chokaa ya dukani ni mbovu," akasema. "Mwambie Hashil aagize ya Mvita."

Ijumaa ilifika chokaa ikiwa haijaja, na mtu hawezi kufundisha bila chokaa. Ilipokuja, ilibidi iloweshwe na kuachwa ipoe. Kisha ikachanganywa na mchanga wa mtoni na kokoto, ikamwagwa upande wa kusini wa sebule, ule unaoelekea mlima wa Sagala. Wanaume waliambiwa wakakae barazani. Wanawake wa jirani waliitwa, na Wakesho, mama wa Kisagala aliyekuwa akiwaletea maziwa, alishusha kibuyu chake akaomba gongo la kupigia sakafu naye. Walipanga mstari wakapiga, wakirudi nyuma na kwenda mbele, huku Bi Zaitun akiwaimbia na wao wakiitikia. Bibi alikatazwa kugusa gongo kwa sababu ya hali yake. Kazi yake ilikuwa kunyunyiza maji.

"Huku kwetu tunapiga maharagwe hivi hivi," Wakesho akasema, "lakini sisi jioni tunakula."

"Piga, wewe," Bi Zaitun akamjibu. "Utakula ngoma ya Misri."

Sakafu ya namna ile haiishi upesi. Hupigwa, hunyweshwa, hupigwa tena mpaka itoe jasho lake na ing'ae. Ijumaa nyingine ikapita, na nyingine. Bahasha ya Bi Zaitun ilikaa chini ya kitanda, kisha siku moja Bibi akaona kanga moja imetolewa ndani yake, kesho yake nyingine.

Gramafoni ilipohamishwa, Hashil aliwaita marafiki. Waligeuza viti, sasa migongo yao ikaelekea kibla na nyuso zao zikaelekea pazia la wanawake. Abdulghani aliliona hilo kabla ya wote, akasema kwa adabu kwamba wameondoa tatizo moja wakaleta jingine.

Bi Zaitun alimjibu kutoka ndani. "Pazia tumelifanya mawili, mwalimu. Ukiliona linatikisika, ni treni."

Bibi aliniambia kwamba hapo Abdulghani alicheka mpaka akashika ukuta. Adhana ya magharibi ilipofika wanaume wale walisimama, wakageuka, na mbele yao hapakuwa na kitu ila ukuta mweupe na msala wa mzee. Nyuma ya pazia, wanawake ndio waliokuwa karibu zaidi na tarumbeta kuliko mtu yeyote wa sebuleni. Sijui kama hilo nalo Bibi alilipanga. Nilipomuuliza, alinituma maji.

Mama yangu, Mwanaesha, alizaliwa baada ya hapo, asubuhi, mikononi mwa Bi Zaitun. Bi Zaitun hakwenda tena Mombasa ila kwa harusi na misiba, na kila mara alirudi. Amelala Voi, karibu na mumewe, na sasa Bibi yupo karibu nao.

Nyumba imetengenezwa upya mara mbili, lakini mafundi hawakukivunja kile kipande cha upande wa Sagala. Kina ufa mmoja tu. Juzi niliwaambia wanangu waje, nikawaonyesha kwa mguu mahali pa kuweka televisheni. Mkubwa akaniuliza kwa nini pale. Nikamwambia hapatikisiki, na ikifika magharibi mtageuka.