Pale Nilipomchoma

Mtaani kwetu Mabawa wananiita Bibi Nesi, na kwa miaka mingi jina hilo lilinivimbisha kichwa. Nilistaafu uuguzi kwenye zahanati ya shamba la mkonge, lakini mikono haikustaafu. Mwanamke aliyeandikiwa sindano hospitali alikuja nayo kwangu nimchome, kwa sababu kwangu hakuna foleni, na hakuna mwanamume wa kumvulia nguo.

Jirani yangu, mpishi wa shughuli, alikuja mchana mmoja na sindano ya maumivu ya mgongo. Nilikuwa nimeshajipamba naenda harusini. Sikumlaza. Alisimama ameshika ukingo wa kitanda, na kwa kustahiana nikampandisha dera upande mmoja tu, kiasi cha kupitisha mkono. Tulifundishwa kuchoma kalio juu, kwa upande wa nje, mbali na mshipa mkubwa wa fahamu. Huko juu sikufika. Nilichoma chini, karibu na katikati, kwa sababu dera liliishia hapo.

Akaruka. Akasema kitu kama umeme kimemshuka mpaka kidole gumba. Muuguzi yeyote anajua maana yake: chomoa. Mimi nikamwambia, "Mtu mzima wadeka," nikasukuma dawa mpaka ikaisha. Nilikuwa nachelewa harusini. Nimetafuta sababu nyingine ya kujitetea nayo, sina.

Wiki haikuisha unyayo wake ukalegea. Kandambili ikawa inamponyoka njiani, anarudi nyuma kuiokota. Hakuweza tena kusimama kwenye masufuria, kwenye shughuli wakawa wanampa kazi ya kuchambua mchele. Wengine walisema baridi yabisi, wengine wakasema amekanyaga kitu alichotegewa. Mimi nilisema ni mgongo huo huo. Nililisema hilo mara nyingi, kwa sauti yangu ya kinesi, huku nikizunguka nyuma ya msikiti nisipite barazani kwake.

Mwaka ukapita. Hospitali ikampangia kupimwa mguu kwa ultrasaundi, naye akaja mlangoni kwangu.

"Shoga, nisindikize. Weye ndo wajua mambo ya huko."

Ningekataaje? Tukaenda. Kwenye korido tulikuta wajawazito tu, na mmoja akainuka kumpisha kiti. "Kaa, mwanangu," jirani yangu akamwambia. "Mie nimebeba mguu tu." Wakacheka wote, mimi nikacheka kwa meno.

Daktari alikuwa kijana. Alituamkia shikamoo, akamlaza jirani yangu kwa tumbo, akampaka jeli na kuanza na mguu mzima, ili tupate cha kulinganishia. Nyuma ya goti akatuonyesha kwenye kioo mshipa wa fahamu: kiduara chenye vitundu vidogo, kama kipande cha sega la asali. Kisha akahamia mguu mbovu na kupanda nao polepole, goti, paja. Alipofika chini ya kalio mkono wake ukasimama. Kile kiduara kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi, vitundu vyake havionekani. Sikuhitaji kuelezwa. Mahali pale ningepagusa nimefumba macho.

"Mama, uliwahi kuchomwa sindano hapa?"

"Nilichomwa."

"Nani alikuchoma? Na dawa gani?"

Jirani yangu akageuzia uso ukutani. "Sikumbuki, mwanangu."

"Jitahidi, mama. Zipo dawa zinazounguza mshipa. Nikiijua, itanisaidia kuamua kama tukupeleke kwa daktari wa upasuaji au tuendelee na mazoezi. Na huyo mtu, bado anachoma wenzio?"

"Sijui."

Jirani yangu alikuwa ameushika mkono wangu. Niliona aibu, na bado sikusema. Nilifanya kibaya zaidi ya kunyamaza. Nilijikohoza, nikasema kitaalamu, "Kwa maumivu ya mgongo, daktari, mara nyingi huchomwa diklofenaki." Akaandika. Akanishukuru, akasema laiti kila mgonjwa angekuwa na msindikizaji kama mimi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta na ungo, anachambua mchele. Nikakaa chini.

"Ni mie niliyekuchoma vibaya. Uliruka, nikaona, nikasukuma dawa. Nakutaka radhi."

Hakuinua uso. "Nshajua tangu siku ile. Mguu si wangu?"

"Basi mbona ulimwambia daktari hukumbuki?"

"Nilikuachia useme weye. Wadhani kwa nini nilikuchukua, na humu ndani nina wakwe wawili wa kunisindikiza? Nilisema, akiona kwa macho yake atasema. Ukataja jina la dawa, lako ukalimeza."

Nikamwomba radhi tena.

"Radhi ntakupa," akasema. "Lakini si hapa kwenye ungo. Kliniki ni mwezi ujao."

Katika mwezi huo walikuja watu wanne kuchomwa. Niliwarudisha wote, nikiwaambia macho yangu hayaoni vizuri. Yaani hata kuacha, niliacha kwa uongo.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari alikuwa hajafungua hata jeli nilipoanza kusema. Nikayasema yote, dera lilipoishia, harusi, alivyoruka na nilivyomjibu. Kijana yule hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alivuta karatasi tu, akaniuliza jina langu kamili, aandike aliyechoma.

Nikafungua mdomo, sauti ikakataa.

Jirani yangu, amelala kwa tumbo, uso ukutani, ndiye aliyenitajia. Alilitaja jina langu lote, la baba na la babu, polepole, ili daktari asikosee kuandika.